Mbwa Anayegoma Getini

SWALI

Ndugu Daktari,

Mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Moshi, na kwa miaka mitano mfululizo nimekuwa nikitembea kila siku saa mbili asubuhi, baada ya chai, pamoja na mbwa wangu Jimi, dume la miaka sita ambaye mama yake ni German Shepherd na baba yake ni mbwa wa kawaida wa hapa mtaani. Nilikuwa nikigusa kamba tu, yeye ameshafika mlangoni ananisubiri. Sasa ni wiki ya nne Jimi anagoma. Tunakwenda vizuri mpaka getini, lakini nikifungua geti anakaa chini, na nikimvuta analala kabisa na kunitazama kwa jicho la pembeni. Chakula anakula, usiku anabweka kama kawaida. Nilichokiona ni kwamba siku hizi hapandi zile ngazi tatu za baraza, bali huzunguka na kupitia kwenye mteremko wa toroli, jambo ambalo nimelichukulia kuwa ni uvivu wa kunenepa. Jirani mmoja ananishauri nimchape kidogo akumbuke nani mwenye nyumba. Mwingine anasema mbwa ameona kitu getini ambacho sisi hatukioni. Labda niongeze kwamba mwezi uliopita kijana mmoja alifungua karakana ya kuchomelea mageti mkabala na nyumba yangu, lakini sidhani kama inahusika, kwa kuwa Jimi alikulia jirani na mashine ya kusaga na hajawahi kuogopa kelele. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Nifanye nini?

Mwalimu Mstaafu, Moshi

JIBU

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma kalamu mkononi, kama wewe ulivyokuwa ukisoma madaftari ya wanafunzi. Nimepigia mstari mambo mawili, na yote mawili ni yale uliyoyataja nusunusu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuyataja: ngazi za baraza na karakana ya jirani. Naamini jibu la Jimi limo humo, na naamini pia kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Kwanza tuliondoe neno uvivu. Mbwa aliyekwenda matembezini zaidi ya mara 1,500, tena akiwa wa kwanza kufika mlangoni, haamki siku moja akawa mvivu. Mbwa hunenepa polepole na huzeeka polepole, na Jimi kwa miaka yake sita bado ni mtu mzima mwenye nguvu zake. Badiliko la ghafla lina sababu ya karibuni, na kwa mbwa sababu hiyo mara nyingi huwa ni maumivu, au hofu, au vyote viwili vikiwa vimeshikana mikono.

Mtu akinijia na malalamiko kama yako, swali langu la kwanza huwa ni hili: mbwa amegomea wapi? Yule anayejificha mara tu anapoiona kamba, kabla hata ya kuinuka, nitamkagua shingo na masikio, kwa sababu huenda kufungwa ukosi kunamtonesha. Yule anayeinuka kwa shida, akanyoosha mguu mmoja baada ya mwingine kama mzee aliyekaa kwenye mkeka muda mrefu, nitamshika nyonga, magoti na mgongo. Anayetoka kwa furaha na kulala nusu ya njia, nitafikiria moyo, mapafu, upungufu wa damu au joto la jua. Anayefika getini vizuri, akakaa chini na kukataa kata kata, mara nyingi anaogopa kitu kilichoko nje. Kwa kipimo hicho Jimi ni mwoga. Kwa kipimo cha ngazi za baraza Jimi anaumwa. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakachagua moja na kuacha jingine.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza, pamoja na wenzao wa Brazili, walichapisha uchunguzi mdogo wa mbwa 20 waliokuwa wakiogopa kelele, nusu yao wakiwa na maumivu ya mifupa, misuli au viungo, na nusu wakiwa hawana. Waliokuwa na maumivu walianza kuogopa kelele wakiwa na umri mkubwa zaidi kuliko wenzao, na hofu yao ilielekea kusambaa, ikashika mahali kelele iliposikika na si kelele yenyewe tu. Maelezo waliyoyatoa watafiti hao yanaingia akilini. Kelele kali ikimshtua mbwa, misuli yote hukaza kwa mara moja, na kiungo ambacho tayari kimevimba hubanwa na kuuma. Mbwa hawezi kujua kwamba maumivu yanatoka ndani ya nyonga yake. Anachojua ni kwamba grainda ililia, akaumia, na jambo hilo lilimpata pale getini. Ndiyo maana Jimi aliyekulia kwenye mashine ya kusaga anaweza kuikimbia karakana leo: alipokuwa mtoto kelele ilikuwa kelele tu, na sasa huenda inakuja na maumivu.

Hayo ni makisio yangu nikiwa mbali na mgonjwa, kwa hiyo tuyapime. Jumapili, siku ambayo fundi amefunga, mtoe Jimi kwa geti lilelile na saa ileile. Siku nyingine mtoe kwa mlango wa nyuma kama unao, au mpakie kwenye gari, mkashuke mahali patulivu. Akitembea bila shida huko lakini akaendelea kukwepa ngazi, tumepata picha kamili. Akigoma kila mahali, suala la karakana lishuke chini na suala la mwili lipande juu.

Kukagua mwili unaweza kuanza mwenyewe leo jioni, Jimi akiwa amelala na nyumba imetulia. Mwombe mtu anayemzoea akae upande wa kichwa, na kama una wasiwasi mfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa dakika chache, kwani hata mbwa mpole huuma akiguswa penye kidonda. Anza na sehemu ambayo huidhani kuwa mbovu. Tanua kila kidole cha mguu na uchunguze katikati yake, utazame makucha kama lipo lililopasuka, ubonyeze nyayo moja moja. Nakumbuka mbwa mmoja aliyeletwa kwangu akiwa ametumia dawa za viungo mwezi mzima, kumbe kati ya vidole vyake viwili vya nyuma mlikuwa na mwiba wa mgunga uliovunjikia ndani, na ngozi ilikuwa imeshaufunika kabisa. Palionekana uvimbe mdogo kama punje ya mahindi, na alikuwa akiulamba usiku tu, watu wakiwa wamelala. Funza nao hukaa hapohapo. Kisha pitisha kiganja mgongoni kuanzia mabegani hadi kwenye mkia, ukibonyeza kidogo kidogo, na usisubiri alie: mbwa wengi hawalii, bali huacha kuhema, hugeuza kichwa kuutazama mkono wako, au hulamba midomo.

Mtazame pia akitembea, na ikiwezekana mjukuu ampige video kwa simu, mara moja kutoka ubavuni na mara moja kutoka nyuma, akitembea polepole kwenye sakafu ngumu. Mbwa anayeumwa mguu wa mbele huinua kichwa kila mguu ule mbovu unapokanyaga na kukishusha anapokanyagia ule mzima. Video ya namna hiyo ni zawadi kwa daktari, kwa sababu mbwa wengi wakifika kliniki hutembea kama wanajeshi, maumivu yote wameyasahau kwa woga.

Usiwasahau kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza homa ambayo wataalamu huiita ehrlikiosisi, na moja ya dalili zake ni viungo kuuma na mbwa kuchoka upesi kwa kupungukiwa damu, wakati mwingine akiwa bado anakula. Inua mdomo wa Jimi utazame ufizi: unapaswa kuwa wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole ukawa mweupe, rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ufizi uliopauka, madoadoa mekundu tumboni, au damu ya puani ni sababu ya kwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, nalo hupimwa kwa kipimajoto njia ya nyuma. Pua yenye unyevu au iliyokauka haisemi lolote, ingawa najua sote tumelelewa tukiamini pua. Homa hii hupimwa kwa damu na hutibiwa kwa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki nne hivi, ambavyo daktari ndiye atakayepanga kiasi chake. Wakati wa matibabu kagua nyufa za kuta za banda, kwa kuwa kupe jike hushuka kwa mbwa na kutaga maelfu ya mayai humo; ukitibu mbwa ukaacha ukuta, umeteka maji kwa pakacha.

Kama damu ni safi na nyayo ni nzima, nitaelekeza macho kwenye nyonga. Damu ya German Shepherd inajulikana kwa nyonga ambazo kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri katika tundu lake, na kwa miaka kiungo hulika. Picha ya eksirei ndiyo huthibitisha. Kiungo kilicholika hakirudi kuwa kipya, lakini maumivu yake hudhibitiwa vizuri kwa kupunguza uzito, kwa dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kwa mwendo mfupi wa mara kwa mara badala ya safari moja ndefu. Hapo naomba kusisitiza jambo moja, Mwalimu, kwa sababu nimelipia gharama yake kwa kuwazika wagonjwa: usimpe Jimi diklofenaki, ibuprofeni wala panado kutoka kabatini kwako. Dawa hizo zinazotusaidia sisi zinaweza kumtoboa mbwa tumbo, kumharibu figo au kumwua ini, hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo. Na yeyote atakayekuambia umpake mgongoni oili chafu ya gari, mshukuru kwa nia njema na umfungulie geti.

Sasa tulirudie geti lenyewe. Maumivu yakishaanza kutulia, na si kabla ya hapo, utaanza kumrudishia imani. Vua ukosi wa shingoni na umvalishe mkanda wa kifuani, ambao haukabi koo akisita. Chemsha maini, uyakate vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba, na uyaweke kwa ajili ya kazi hii tu. Siku ya kwanza usielekee getini kabisa. Simama mahali ambapo Jimi anaisikia grainda kwa mbali lakini masikio yake hayajalala nyuma, na kila inapolia mpe kipande cha ini. Ini ndiyo kipimo chako. Mbwa anayekula amekuambia kwamba umbali huo anauweza. Mbwa anayepewa ini la kuchemsha akageuza uso ana hofu iliyomfika kooni, na hapo usimbembeleze wala usimkaripie; rudi nyuma hatua kumi na ujaribu tena. Kila siku sogea kidogo, kwa dakika tano au kumi tu, kamba ikiwa imelegea wakati wote, mpaka afike getini, kisha geti likiwa wazi, kisha hatua tatu nje na kurudi. Hilo la kurudi ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mbwa anayejua kwamba anaruhusiwa kurudi huthubutu kwenda. Kazi hii inaweza kuchukua wiki kadhaa, na zipo siku mtakazopoteza mlichopata. Zungumza pia na kijana wa karakana; fundi muungwana hakosi kukuachia robo saa ya ukimya asubuhi ukimweleza kisa, na pengine atacheka kwanza.

Katika wiki hizo Jimi asikae bure. Mfichie chakula chake cha asubuhi uani, chini ya majani ya migomba na nyuma ya ndoo, akitafute kwa pua. Robo saa ya kunusa humchosha mbwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu fimbo, jirani yako anataka kumwongezea maumivu mbwa ambaye tayari anaamini kwamba geti linauma. Hatakumbuka nani mwenye nyumba. Atakumbuka kwamba aliyeshika fimbo alikuwa wewe. Yule jirani wa pili, anayesema mbwa ameona kitu, kwa kweli amekaribia zaidi.

Nimefurahi kusoma kwamba chanjo imo ndani ya muda, na nitalisema hili kwa ajili ya wasomaji wengine. Mbwa asiyechanjwa akibadilika tabia ghafla, akatokwa na udenda, akashindwa kumeza, taya likining'inia au sauti ikawa ngeni, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie mahali salama na uwaite wa idara ya mifugo. Aliyeumwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja dalili.

SWALI

Daktari, habari za kazi? Ninaishi Kigamboni na nina mbwa mdogo mwenye pua fupi, anayeitwa Biskuti. Ninapotoka kazini, kama saa tisa hivi alasiri, humchukua tukatembee, lakini siku hizi tukifika barabara ya lami anakimbilia kivuli cha mwembe, analala na tumbo chini, na hanyanyuki mpaka nimbebe. Asubuhi za Jumamosi hana tatizo. Ananidekea?

Msomaji, Kigamboni

JIBU

Biskuti hadeki, ana akili kuliko ratiba yako. Vua kandambili, usimame pekupeku kwenye lami hiyo saa tisa, nawe utautafuta mwembe. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 kivulini, lami nyeusi iliyopigwa jua tangu asubuhi inaweza kupita nyuzi 50, na yeye anaikanyaga kwa ngozi yake, tumbo likiwa sentimita chache juu yake. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami na uhesabu mpaka saba. Ukishindwa kuuacha, mbwa asipite hapo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo pua fupi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, bali hujipoza kwa kuhema, na mwenye pua fupi hupitisha hewa kwa shida hata akiwa amepumzika. Ukichanganya na unyevu wa hewa ya Pwani, kuhema kwenyewe hakupozi sana. Siku ukimwona anahema kwa sauti ya kukoroma, ulimi umekuwa mwekundu sana au wa buluu, au anayumba, usingoje. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba ya kawaida mwili mzima, mpepee, na umkimbize kwa daktari akiwa amelowa vilevile. Kwa sasa hamisha matembezi yawe kabla ya saa moja asubuhi au baada ya jua kuzama, na upite penye mchanga na majani. Ukifanya hivyo na bado akalala njiani, basi tutakuwa tunazungumzia moyo, na hapo nitataka kumsikiliza kwa kifaa changu.

SWALI

Hujambo Daktari? Labrador wetu wa miaka mitano anatoka asubuhi akirukaruka, lakini jioni giza likianza kuingia anasimama mlangoni na kukataa kushuka. Watoto wanasema anaogopa fisi, lakini hapa Nakuru mjini hatujawahi kuwaona.

Mama wa Wawili, Nakuru

JIBU

Sijambo, Mama. Nitawaunga mkono watoto kwa nusu: anaogopa giza, kwa sababu huenda haoni gizani. Upo ugonjwa wa kurithi unaoharibu polepole utando wa nyuma ya jicho, nao hujulikana katika Labrador. Mwanzo wake huwa ni kupoteza uwezo wa kuona gizani, huku mchana mbwa akiona vizuri kiasi kwamba nyumba nzima haishuku lolote. Jaribuni hivi: panga viti viwili ukumbini mahali visipokaa siku zote, zima taa, ubaki na mwanga hafifu wa dirishani, kisha mwite. Akinusa njia kwa tahadhari au akagonga kiti, na taa zikiwaka akapita bila shida, mpelekeni kwa daktari akamulikwe macho, kwani yapo pia magonjwa mengine ya macho yanayofanana na huu na yanayotibika.

Ukithibitika kuwa ndio huo, hauna dawa, lakini hauna maumivu, na mbwa huishi nao vizuri ajabu kwa sababu pua na masikio ndiyo macho yake makuu. Msihamishe samani ovyo. Jioni mtoke na tochi, mmulike ngazi kabla hajashuka na si baada ya kusita, na anayemtembeza afunge njuga ndogo kwenye kiatu, ili mbwa ajue njia imeelekea wapi.